Risasi Inayobaki kwa Mpigaji

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: risasi ni ile metali laini ya kijivu, na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Historia ya usalama kazini nchini Kenya imezitenga maana hizo, na anayeumia ni askari. Metali ilifuatiliwa penye kuta za kiwanda au moshi wa gari. Petroli yenye risasi iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walishinda kesi mwaka 2020, wakafutiwa fidia kwenye rufaa 2023, kisha Mahakama ya Juu ikawarudishia haki yao Desemba 2024. Risasi ya bunduki, kwa upande wake, ilibaki hesabu ya ghala: ngapi zimetolewa, maganda mangapi yamerudi.

Hata hivyo sumu ni ile ile. Kitako cha risasi ya kawaida kina kemikali yenye risasi. Kinapogongwa, kemikali hiyo hulipuka na kuwa mvuke sentimita chache kutoka puani mwa askari aliyelala kifudifudi, shavu likiwa kwenye kitako cha bunduki. Baadaye huokota maganda kwa mikono mitupu, na mikono hiyo hiyo humega chapati. Nchini Marekani, kamati ya wanasayansi iliyochunguza viwanja vya shabaha vya jeshi ilitamka mwaka 2012 kwamba kikomo cha kisheria cha mwaka 1978, mikrogramu 40 za risasi kwa desilita ya damu, hakiwakingi wafanyakazi wa viwanja hivyo.

Mtu wa Kimuka, nyuma ya Milima ya Ngong, atasema moshi huo haukai, kwani huku ni upepo mtupu. Ni kweli, upepo wa milima hiyo umezungusha mitambo ya umeme tangu 1993. Lakini upepo huondoa moshi baada ya pumzi ya kwanza, na ukigeuka humrudishia mpigaji usoni. Hauoshi mikono wala sare inayokwenda nyumbani kwa watoto, wala hauondoi vipande vya risasi vilivyozama kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba askari wengi hupiga shabaha mara chache. Nakubali. Ila mkufunzi husimama nyuma ya kila kundi, mwaka baada ya mwaka, kama kule Magadi, Kajiado, kikosi cha polisi cha GSU kinakofundishia askari wake nyikani. Damu hupunguza risasi yake kwa majuma. Mifupa huihifadhi kwa miongo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 iliandikwa kwa kila mahali pa kazi, na uwanja wa shabaha ni mahali pa kazi. Kinachodaiwa si kikubwa: maji na sabuni kando ya sanduku la risasi, sare ya kubadilisha kabla ya kupanda gari, na kipimo cha damu ya mkufunzi kiandikwe kila mwaka, kama maganda yanavyoandikwa kila jioni.