Mashine Imepanda Stendi, Beseni Limebaki Chini: Stori ya Waliofua Nguo za Chuga

Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Hatari!, na wengi wenu mmeshaona vipande vyake mtandaoni. Ilipigwa huku kwetu, Arusha na kandokando ya Mlima Meru. John Wayne yuko kwenye gari la wazi anafukuza faru, vumbi kama lote. Jina lake linajulikana. La muongozaji Howard Hawks linajulikana. Hata la Hardy Krüger, mwigizaji aliyenogewa na Momella mpaka akachukua shamba huko, linajulikana. Ila lile vumbi lote liliingia kwenye nguo, na nguo zikafuliwa. Kuna mtu aliinama akasugua yale mashati, akayaanika, akayapiga pasi. Huyo mtu hana jina popote.

Leo wadau tunaongelea watu wa aina hiyo. Mlango wa kuingilia ni kitu kidogo ambacho fundi seremala yeyote wa Elerai anaweza kukuchongea: stendi ya mbao ya kuwekea mashine ya kufulia. Utasema, stendi nayo ina historia? Inayo, tena kubwa kuliko mashine yenyewe, kwa sababu ni historia ya mgongo wa mtu.

Mji wa maji na miti

Tuanze na majina. Olerai kwa Kimaasai ni ule mgunga wenye gome la njano unaopenda sehemu zenye maji. Ndio mti uliotoa jina la msitu wa Lerai kule Ngorongoro, na Elerai yetu inabeba jina hilo hilo. Sogea Ngarenaro: "ngare" ni maji, "narok" ni meusi. Mji wetu umeitwa kwa miti na maji kabla hata Wajerumani hawajajenga Boma mwaka 1900, lile jengo ambalo leo ni makumbusho.

Kwenye kufua, majina hayo yana maana. Mito ya Themi, Naura na Burka ilikuwa sehemu ya kufulia bure. Jiwe ndiyo ilikuwa meza, mto ndiyo ulikuwa bomba. Na ukiangalia vizuri, anayefulia mtoni juu ya jiwe kubwa anachagua kimo chake. Beseni lilipokuja na kuwekwa chini uani, mgongo nao ukashuka nalo.

Aliyefua kwa mshahara alikuwa mwanaume

Hii itawashangaza. Leo ukisema "mtu wa kufua", kila mtu anawaza mama au dada. Enzi za mkoloni haikuwa hivyo. Neno dobi limetoka India, na madobi wa mwanzo kwenye miji mingi ya Afrika Mashariki walikuwa wanaume wa Kihindi. Kwenye nyumba za Wazungu, mpishi alikuwa mwanaume, wa kufagia mwanaume, wa kufua na kupiga pasi mwanaume. Waliitwa "boi" hata wakiwa na wajukuu. Mtu ana mvi, ana ng'ombe kwake, anaitwa boi.

Mtafiti Janet Bujra aliandika kitabu kizima kuhusu hili, Serving Class, kilichotoka mwaka 2000, kwa utafiti alioufanya Lushoto. Anaonyesha jinsi kazi za ndani Tanzania zilivyoanza kama kazi za wanaume, halafu taratibu zikahamia kwa wanawake. Yaani kufua hakukuzaliwa "kazi ya kike". Kulipokuwa na mshahara unaoeleweka, wanaume walikuwepo. Wanaume walipopata pa kwenda, viwandani, maofisini, kwenye biashara, kazi ikateremka kwa wanawake, na mara nyingi kwa wasichana wadogo kutoka vijijini. Heshima ikashuka pamoja na malipo.

Sabuni ilipopotea

Muulize bibi yako kuhusu mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikamua nchi, fedha za kigeni hakuna, maduka matupu. Sabuni ilikuwa bidhaa ya foleni. Wengi wa umri huo watakwambia walifua kwa majani ya mpapai, unayasugua mpaka yatoe povu. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi, na hapo mtu kukutwa na shehena ya sabuni aliyoificha ilikuwa kesi nzito.

Kipindi hicho nani alihakikisha watoto wanaenda shule na shati jeupe? Hakuna kumbukumbu ya majina. Lakini picha za shule za wakati ule zipo majumbani, mashati meupe yapo, na kila shati jeupe lina mtu nyuma yake aliyesugua bila sabuni.

Baada ya 1985, enzi za Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, milango ya biashara ikafunguliwa. Mche wa sabuni ukarudi dukani, mitumba ikajaa. Nguo zikawa nyingi, na kufua kukawa kwingi. Mji ukakua, watu wakapanga chumba na sebule, wote wanatoka asubuhi kwenda kazini. Ndipo akashamiri mama wa kufua: anapita nyumba kwa nyumba, bei mnapatana kwa beseni au kwa siku, anafua, anaanika, anaondoka. Namba yake umeiseivu "Mama Kufua". Jina lake halisi hulijui, kubali tu.

Mashine inaingia

Mashine ya kufulia ya umeme sio kitu kipya duniani. Kampuni ya Hurley ya Chicago iliingiza sokoni ile ya Thor karibu mwaka 1908. Mwaka 1937 Bendix wakatoa mashine ya nyumbani inayofua, kusuuza na kukamua yenyewe. Ilikuwa na kasoro moja ambayo mafundi wetu wataielewa haraka: ilitikisika mno wakati wa kukamua, ikabidi ifungwe kwa bolti sakafuni. Bila hivyo inatembea.

Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, aliandika mwaka 1983 kwamba vifaa hivi havikumpunguzia mama kazi kama matangazo yalivyosema. Mashine ilipoingia, nguo zilizokuwa zinapelekwa kwa dobi zilirudi nyumbani, viwango vya usafi vikapanda, na mama akajikuta anafua mara nyingi zaidi.

Huku Chuga mashine imechelewa kwa sababu mbili: maji na umeme. Mashine ya mlango wa mbele inataka maji yenye msukumo, na mitaa mingi ilikuwa na mgao. Mradi mkubwa wa maji wa Sh bilioni 520 umebadilisha hali kwenye kata nyingi, ila simtanki bado ni mfalme. Hesabu yake ni rahisi: kila mita moja tenki likiwa juu ya mashine inakupa kama 0.1 ya ba, na mashine nyingi zinataka angalau 0.3 hivi. Tenki likiwa chini ya mita 3, mashine inalia tu haijai. Kwenye umeme, kufua kwa maji baridi hakuli sana LUKU. Dryer ndiyo mlaji, inaweza kumaliza uniti 2 au zaidi kwa saa moja. Ndio maana wengi wanabaki na kamba uani, halafu wanajuta Juni na Julai, baridi ya Meru ikishuka na jinzi inakaa siku tatu haijakauka.

Stendi inachongwaje

Sasa tuje kwa fundi. Kwa nini stendi? Mlango wa mashine ya mbele uko karibu na sakafu, kila ukipakia unachuchumaa. Marekani kwenye miaka ya 2000 kampuni zikaanza kuuza stendi zake, za kimo cha kama sentimita 38, moja ikigharimu hata zaidi ya dola 200. Watu wakaona huu sasa utani, wakachukua mbao wakajitengenezea wenyewe. Wazo hilo ndilo linaletwa kwa fundi wa mtaani, na yeye anajua mengi ambayo video haikwambii.

Mashine ya kilo 7 yenyewe ina uzito wa kilo 60 hadi 70. Ongeza maji na nguo, halafu ngoma inazunguka mara 1,000 hadi 1,400 kwa dakika. Huo sio mzigo wa kukaa tu kama kabati, ni mzigo unaopiga teke. Kwa hiyo:

Mbao ni mbili kwa nne, iliyokauka vizuri. Paini na saiprasi zinapatikana, mgrivea nao upo, ule mti uliokuja kutoka Australia ukapandwa kama kivuli cha kahawa huku mlimani. Mbao mbichi itapinda ndani ya miezi michache, na stendi ikipinda mashine nayo inalala upande.

Miguu ya stendi ikae moja kwa moja chini ya miguu ya mashine, uzito ushuke wima. Fremu ya juu iungwe kwa skrubu ndefu au bolti pamoja na gundi. Msumari mtupu utalegea, kwa sababu mtikisiko kazi yake ni kung'oa misumari. Weka mbao za mshazari pande tatu, upande wa mbele uache wazi upate pa kuweka beseni.

Juu weka plaiwudi ya milimita 18, halafu ukingo wa mbao wenye kimo cha sentimita 4 hivi kuzunguka pande zote. Huo ukingo ndio unaozuia mashine isitembee ikaanguka. Kama kuna watoto nyumbani, hili sio urembo. Kilo 70 zikimshukia mtoto hakuna cha kusimulia.

Chini ya miguu ya mashine kata vipande vya tairi kuukuu. Mji huu ulikuwa na kiwanda cha General Tyre, na mpaka leo tairi kuukuu linageuzwa katambuga, kwa hiyo wa kukukatia hakosekani. Piga vanishi au rangi ya mafuta mpaka kwenye vichwa vya mbao, maana maji yanapenyea hapo. Maliza kwa pimamaji. Na kabla ya kuwasha, toa zile bolti za usafirishaji nyuma ya mashine. Zikibaki, hakuna stendi itakayovumilia.

Nani alifikiriwa, nani alisahauliwa

Hapa ndipo historia inapouma. Mashine imefika, na ndani ya muda mfupi tumeshaona kwamba mlango uko chini sana, mgongo wa bosi utaumia, tumuite fundi. Sawa kabisa. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na miaka mingi ya watu kufua kwenye nyua zetu. Dobi, boi, hausigeli, Mama Kufua. Beseni lilikuwa chini kuliko mlango wa mashine yoyote. Mbao mbili kwa nne zilikuwepo. Fundi alikuwepo, tena yuko jirani. Ni nani aliyeagiza meza ya kufulia ya kumfika kiunoni yule mama?

Wapo, ila wachache. Wengi tulimpa kigoda, au tofali. Hatukukosa mbao, ila mgongo uliokuwa unauma haukuwa wetu.

Hata kwenye karatasi ndivyo ilivyo. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilimpangia mfanyakazi wa ndani anayekaa kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha Sh 60,000 kwa mwezi. Mama wa kufua wa kutwa hata hapo anaingia kwa shida, kwa sababu leo yuko kwako, kesho yuko kwa jirani. Mashine ikiingia anapigiwa simu kwamba "usije wiki hii", halafu hapigiwi tena. Hana barua ya kuachishwa kwa sababu hakuwahi kuwa na barua ya kuajiriwa.

Sisemi mrudishe mashine dukani. Mashine inaokoa mikono, na anayejua kufua kwa mkono kwenye maji ya Julai hatanibishia. Nachosema ni kwamba ukienda kwa fundi kuagiza stendi, ongeza oda moja. Meza ya mbao ya sentimita 80 hivi, yenye ukingo na tundu la kutolea maji, ya kuweka beseni. Ni mbao zile zile na siku moja ya kazi. Mablanketi na viatu bado vitafuliwa kwa mkono, na kuna mtu atakuja kuvifua.

Akija muulize jina lake, yeye sio Mama Kufua. Halafu liseivu hivyo.

Haya wadau, nyumbani kwenu nani alikuwa anafua, na alikuwa anafulia wapi? Tupieni hapo chini. Wakubwa mliofua kwa majani ya mpapai, tunawasubiri kwa hamu.