Neno "Kinadharia" na Historia ya Vijiji vya Ujamaa

Katika mijadala yetu neno "kinadharia" hutumika kwa maana mbili, na hatuna budi kuzitenganisha. Ya kwanza ni ya asili: kwa upande wa nadharia. Neno nadharia limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wa kutazama, ule ule uliotupa mandhari. Kiambishi ki- kikaligeuza kielezi, kama kisiasa au kiuchumi. Ya pili ni ya kejeli: kwa maneno tu. Anayesema "kinadharia wanakijiji ndio waamuzi" amekwisha kutuambia kwamba anaamua mtu mwingine.

Kwa maoni yetu, kejeli hiyo ina mizizi katika historia. Mwaka 1967 andiko la Mwalimu Nyerere, "Ujamaa Vijijini", liliweka sharti la hiari: mkulima ashawishiwe, asilazimishwe. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi iwe imekamilika mwishoni mwa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Mahali pengine nyumba za zamani zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Kinadharia, hiari ilikuwa pale pale. Hata sheria ya vijiji ya 1975 ilitofautisha kijiji na kijiji cha ujamaa, na vingi vilibaki vijiji tu. Mwaka 1977 Mwalimu mwenyewe, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliandika wazi kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea.

Wapo wanaosema nadharia ilikuwa safi, watendaji ndio walioiharibu. Hoja hiyo hatuikubali, maana inasahau Litowa. Huko Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji kabla andiko lolote la ujamaa vijijini halijatoka. Walilima pamoja, wakagawana mavuno, wakaendesha shule iliyounganisha masomo na kazi. Vijiji jirani vikajiunga nao katika chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kama RDA. Hapo vitendo vilitangulia, nadharia ikaja nyuma ikijifunza.

Chama hicho hakikuanguka chenyewe. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja, na mitambo na magari yake yakachukuliwa. Ile amri ya kuhamia vijijini ilitoka miaka minne baadaye.