Vifuko vya Uloto: Kutoka Damu ya Kondoo Hadi Saratani

Seli shina za uloto hutoa vifuko vidogo mno. Vya ukubwa wa nanomita 100 vikipangwa mstari mmoja, elfu kumi hutosha katika milimita moja. Kwa muda mrefu vilihesabiwa takataka. Mwaka 1967 Peter Wolf wa Uingereza aliona vifuko vya namna hiyo vitokavyo kwenye chembe sahani za damu, akaviita vumbi.

Mwaka 1983 Rose Johnstone, huko Montreal, alichunguza damu ya kondoo. Chembe nyekundu changa zinapokomaa huacha protini ya kupokelea madini ya chuma. Johnstone aliikuta nje ya chembe, imebebwa na vifuko. Hata yeye alidhani chembe inajisafisha tu. Mwaka 2007 ndipo timu ya Jan Lötvall, Sweden, ilipoonyesha kwamba vifuko hubeba RNA, na seli inayovipokea huitumia kutengeneza protini.

Vifuko vya seli shina hutuliza kinga ya mwili na kuchochea mishipa mipya ya damu. Kwa kidonda ni heri. Kwa uvimbe wa saratani, mishipa hiyo ni chakula. Utafiti wa Boston wa mwaka 2013 kuhusu mieloma, saratani ya uloto, uliweka jambo hilo wazi: katika panya, vifuko vya seli za uloto wa watu wenye afya vilizuia saratani, vya wagonjwa viliikuza. Kwa hiyo swali la kwanza ni vimetoka kwa nani.

Mwaka 2017 timu ya Raghu Kalluri, Texas, ilipakia vifukoni RNA ya kuzima jeni mbovu ya KRAS, na panya wenye saratani ya kongosho wakaishi muda mrefu zaidi. Majaribio kwa binadamu yakafuata, yakitumia vifuko vya seli shina.

Tanzania hupandikiza seli shina zenyewe, si vifuko. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa mieloma. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Vifuko bado ni vya utafiti. Anayeuziwa dawa ya saratani kwa jina la seli shina amwulize daktari kwanza, kabla ya kutoa fedha.