Blanketi la viraka lililonunua shamba

Haya wadau, leo historia kidogo, na wala sio ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Watu wengi wanasema tuunge mkono biashara ndogo za watu weusi, hasa wale wanaotengeneza vitu kwa mikono yao. Sawa, ila kuunga mkono ndio kufanyaje? Mimi jibu langu nalichukua Alabama, Marekani.

Wilaya ya Wilcox, 1965. Weusi wengi wanalima pamba kwenye mashamba ya wazungu na wanaishi kwenye nyumba za wazungu haohao. Ukijiandikisha kupiga kura, unaweza kufukuzwa na watoto wako. Sheria ya haki ya kupiga kura ilipita Agosti mwaka huo, lakini jamani, sheria haikupi pa kulala.

Akina mama wa pale walikuwa na ujuzi wao wa siku nyingi: kushona blanketi za viraka. Unachukua nguo kuukuu, magunia ya unga, suruali za shamba zilizochakaa, unakata, unaunga, unatia pamba katikati na kitambaa kingine chini, halafu unashona tabaka zote kwa sindano. Halikuwa pambo lile. Nyumba zilikuwa zinapitisha baridi.

Desemba 1965 kasisi mmoja mzungu, Francis X. Walter, alikuwa anazunguka kukusanya habari za manyanyaso haya, akaona blanketi zimeanikwa kwenye kamba. Akaanza kuzinunua kwa dola 10 moja, zikapelekwa kuuzwa kwa mnada New York. Tarehe 26 Machi 1966 akina mama wakakutana kanisani wakaanzisha ushirika, Freedom Quilting Bee. Na hapa ndio penyewe: kasisi hakugeuka kuwa bosi. Ushirika ulikuwa mali ya washonaji, na meneja wake kwa miaka mingi alikuwa mama wa hukohuko, Estelle Witherspoon.

Sasa angalieni hela ilifanya nini. Mwaka 1969 walikuwa wameshanunua ekari 23, wakajenga karakana na kuipa jina la Martin Luther King. Viwanja vingine wakaziuzia familia zilizofukuzwa kwa sababu ya kura. Yaani sindano na viraka vikampa mtu mahali ambapo hakuna mwenye shamba wa kumtishia. Hebu rudieni kusoma hapo.

Haikuwa raha tupu lakini. Maduka makubwa kama Bloomingdale's yalitaka blanketi zinazofanana, kipimo kilekile, mshono uleule, wakati kila mama alizoea kushona anavyojisikia. Mwaka 1972 wakapata kazi ya Sears: kushona foronya za mito kwa kitambaa kizito chenye mistari, kama kile cha suruali za wazee. Usanii ulikuwa mdogo pale, ila mshiko ulikuwa wa uhakika. Mabaki ya kitambaa kile akina mama wakaenda nayo nyumbani, wakashona blanketi zao wanavyotaka. Mwaka 2002 blanketi za Gee's Bend, kijiji cha jirani ambako baadhi ya wanachama walitoka, zikatundikwa kwenye makumbusho ya Whitney, New York. Watu wakashangaa kama vile zimeanza kushonwa jana.

Ushirika wenyewe ulifungwa 2012. Wengine watasema basi, ulishindwa. Mimi sikubali. Wale waliopata viwanja walipiga kura bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nawaunga mkono", namuuliza mambo mawili: bei kapanga nani, na faida inalala kwa nani? Sisi wenyewe tukikuta kitu cha mkono, neno la kwanza ni "punguza". Mtu kakaa siku kumi na sindano, wewe unataka kumlipa siku tatu, halafu unaita kumuunga mkono. Huruma haijanunua hata ekari moja kati ya zile 23. Zilinunuliwa na kazi iliyolipwa.

Nawasilisha. Mnaopinga, karibuni tubishane.