Benzi ngapi zimebaki Migori na Homa Bay?

Swali la leo ni dogo tu. Zile Mercedes-Benz W123, zilizotengenezwa Ujerumani kati ya 1976 na 1986, ni ngapi bado zimesajiliwa Migori na Homa Bay? Kiwandani zilitoka karibu milioni 2.7, na huko kwao zilikuwa hata teksi. Kwetu lilikuwa gari la mkubwa, mpaka Kiswahili kikawapa wenyewe kabila lao: Wabenzi.

Uingereza swali hili lina jibu, maana serikali huchapisha idadi ya kila modeli. Kule gari hulipiwa kodi kila mwaka, na tangu 1998 ukiliegesha lazima utoe taarifa kwamba haliko barabarani. Sisi waandishi wa programu huita hayo mapigo ya moyo: mashine ikinyamaza, unajua imekufa.

Kenya nayo ilikuwa na mapigo hayo. Leseni ya barabara ililipiwa kila mwaka na kubandikwa kwenye kioo. Mwaka 2006 ikafutwa, na badala yake ushuru wa mafuta ukapanda kutoka shilingi 5.80 hadi 9 kwa lita. Kwa kukusanya pesa, uamuzi mzuri sana (nani atakwepa pampu?). Ila rejista ikapofuka. Gari likishaingia humo linabaki hadi mwenyewe aombe lifutwe, na ni nani atahangaikia karatasi za chuma kilichoota nyasi?

Bamba nalo halisaidii. Mfumo wa KAA 001A ulioanza 1989, pamoja na ule wa herufi tatu na tarakimu tatu uliotangulia, hautaji wilaya. Hata ungetaja, gari la 1980 lilikuwa la Nyanza Kusini, makao makuu Homa Bay. Migori ikajitenga baadaye, kaunti zikaanza kazi 2013. NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ikarithi rejista kutoka KRA jinsi ilivyokuwa.

Jambo moja tu: kwa kawaida hakuna nyingine zinazoingia kutoka nje, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuagiza gari kuukuu lililopita miaka minane.

Nimeziona kadhaa zimelala nyuma ya boma, na logibuku iko kwenye sanduku la mama kwa jina la mzee aliyekwisha zikwa. Familia haiwezi kuiuza kihalali bila kuanza na barua ya chifu, kwenda mahakamani na kungoja hati ya mirathi. Wengine huchoka, wakauza kienyeji. Ikigonga mtu kesho, jina litakalotoka kwenye kompyuta ni la marehemu.

Siku hizi vyeti vya bima ni vya kidijitali. Ningepewa ruhusa, ningeunganisha majedwali mawili tu, rejista na bima. Zitakazokutana ziko hai. Zitakazobaki nyingi ni za warithi, na hao ndio ningewapigia simu kwanza.