DHAMANA YA MWENYE MNYAMA: TOKA BUSTANI ZA MADINA HADI BARABARA ZA LAMI

 

Ng'ombe au ngamia hutoroka zizini usiku, akaingia barabarani, gari likamgonga na watu wakafa. Imamu huulizwa: nani atalipa? Mara nyingi mwenye mnyama hujitetea kwa Hadithi aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa madhara ya mnyama hayana fidia. Hadithi ni sahihi, lakini anayeishika peke yake ameshika ncha moja ya kamba. Natuitazame historia ya mas-ala haya.

Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Allah (S.W.) ametaja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman (A.S.) juu ya shamba lililoingiliwa na kondoo wa watu. Neno la Kiarabu lililotumika, nafashat, maana yake ni mifugo kulisha usiku bila ya mchungaji. Wafasiri wameeleza kuwa Daud alimpa mwenye shamba kondoo wale, na Suleiman akaona apewe manufaa yao tu mpaka shamba lirudi kama lilivyokuwa. Walitofautiana katika namna ya kulipa, si katika kulipa.

Kisha huko Madina, ngamia wa al-Baraa bin Azib (R.A.) aliingia bustani ya watu akaharibu. Mtume (S.A.W.) akahukumu kuwa wenye bustani wazilinde mchana, na wenye mifugo wadhamini kinachoharibiwa usiku. Haya yamo katika Muwatta ya Imam Malik na Sunan ya Abu Daud.

Imam Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 150 Hijria/767) alichukua ujumla wa Hadithi ya kwanza: mnyama aliyetoka mwenyewe hana dhamana, usiku wala mchana, ila akiwa na mtu aliyempanda, anayemkokota au anayemswaga. Rai hii ndiyo iliyoingia katika Majalla ya dola ya Uthmaniya, kifungu cha 94, katika karne ya 19. Ama Malik, Shafi na Ahmad wamesema Hadithi ya al-Baraa inaihusisha ile ya kwanza.

Maulamaa wa Kishafi, ambao madhhabu yao ndiyo yafuatwayo na wengi katika pwani yetu, waliongeza jambo zito: tofauti ya usiku na mchana imejengwa juu ya ada. Ada ya mji ikiwa kinyume, na hukumu hugeuka. Na aliyemfunga mnyama wake barabara, kisha akakatika, hadhamini. Basi kinachotazamwa ni uzembe wa yule mwenye wajibu wa kulinda.

Zilipokuja gari, msingi huo ndio uliotumika. Mwaka 1403 Hijria (1983) Baraza la Maulamaa Wakubwa la Saudia, kwa wingi wa rai, liliamua kuwa mnyama aliyeachwa ovyo akagongwa katika barabara ya mwendo wa kasi halipwi, na mwenyewe ana dhambi kwa kumwacha. Mwaka 1414 Hijria (Juni 1993) Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane mjini Bandar Seri Begawan, Brunei, ikapitisha azimio namba 71: wenye wanyama wanadhamini madhara ya barabarani ikiwa wamezembea kuwadhibiti, na uamuzi ni wa mahakama. Azimio hilo hilo halikumwachia dereva mwenye makosa.

Ndugu msomaji, dereva hawezi kuilinda barabara kama mkulima alindavyo bustani yake mchana. Kwa hiyo imamu akiulizwa asianze kwa kutoa jibu, aanze kwa kuuliza: zizi lilifungwa? Mnyama alikuwa na mchungaji? Dereva alikwendaje? Hapo mayatima wa aliyekufa hawatanyimwa haki yao kwa nusu ya dalili, wala mfugaji aliyejitahidi hatabebeshwa asichokifanya.

Wallahu a'lam.