Roketi ya Ngomeni na Urithi Wake

Kolo ni kijiji cha Kondoa, katika nchi ya kati ya Tanzania. Sifa yake ni michoro ya kale ya miambani, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Roketi haikupata kuruka hapo. Lakini mtu aulizaye kwa nini roketi za kurusha setilaiti ndogo zilikuja Afrika ya Mashariki, zikachagua pwani ya Kenya na kuiacha bara, atapata jibu jepesi akilinganisha Kolo na Ngomeni, karibu na Malindi.

Dunia huzunguka kwenda mashariki. Penye ikweta, ardhi huenda mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa, na chombo kirushwacho kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bila gharama. Setilaiti ipitayo karibu na dunia huhitaji kilometa 28,000 hivi kwa saa. Basi kwa roketi ndogo zawadi hiyo si haba. Ngomeni iko karibu digrii 3 kusini ya ikweta, na Kolo karibu digrii 5. Tofauti ya zawadi baina ya mahali hapo pawili haifikii mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Lakini roketi huangusha vipande vyake njiani. Mashariki ya Kolo kuna nyika ya Umasai, milima ya Usambara na mashamba ya Tanga, na kote humo wamo watu. Mashariki ya Ngomeni kuna bahari. Bahari ndiyo iliyokata shauri.

Taifa lililoitumia nafasi hiyo ni Italia. Mwaka 1962, kwa juhudi za Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, Italia ilipatana na Marekani. Waitalia wangeunda setilaiti; Wamarekani wangetoa roketi yao ndogo iitwayo Scout, yenye sehemu nne zilizopandana, na wangewafundisha Waitalia kuirusha. Mafunzo hayo hayakuchelewa kuzaa. Tarehe 15 Desemba 1964 mafundi wa Kiitalia waliirusha San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani. Walisimamisha pia majukwaa ya chuma katika bahari ya Ngomeni, na tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa kutoka hapo.

Tangu siku hiyo hata tarehe 25 Machi 1988, setilaiti 9 zilipanda kutoka Ngomeni. Mashuhuri kupita zote ni ile ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilichunguza mionzi ya eksirei itokayo mbali angani, na orodha ya vyanzo vyake ikafika 339. Jina letu likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota.

Lakini jina ni kitu kimoja, na ufundi ni kitu kingine. Tarehe 13 Februari 2012 roketi iitwayo Vega, iliyoundwa kwa uongozi wa Italia, iliruka mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Mwanafunzi wa 1962 alikuwa amekuwa fundi. Kenya ilipata setilaiti yake ndogo ya kwanza mwaka 2018, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Roma. Nayo iliachiwa angani kutoka kituo cha kimataifa. Nyingine, Taifa-1, ilipaa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Hakuna hata moja iliyopaa kutoka Ngomeni.

Si haki kuilaumu Kenya kwa pupa. Katika miaka ile ilikuwa dola changa, yenye haja ya shule, hospitali na barabara, na wahandisi wake walikuwa wachache. Hata hivyo ipo tofauti ya kutazamwa. Waitalia nao walianza bila roketi yao. Lakini katika mapatano yao hawakuomba roketi tu, waliomba na kufundishwa. Mwenye kukodisha mahali hupata kodi, na kodi huliwa ikaisha. Mwenye kudai mafunzo hupata kitu kisichorudishwa mkataba ukomapo.

Bahari ya Ngomeni haikuhama, wala dunia haikuacha kuzunguka. Wageni wenye roketi ndogo huenda wakabisha hodi tena, Kenya au kwa jirani zake wa pwani. Siku hiyo, kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani, na iulizwe kwanza: vijana wetu wangapi watafundishwa, watafundishwa nini, na mwaka gani watairusha roketi kwa mikono yao wenyewe?